Bi. Siti binti Saad na Nyumba Yake ya Ng'ambo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, nami nimemchagua Bi. Siti binti Saad wa Unguja. Wanafunzi wengi wanalijua jina lake kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Walakini sikumchagua kwa ajili ya mtihani. Nimemchagua kwa sababu ya jambo lililotokea hapa hapa Kibuta mwanzo wa muhula huu, katika kikundi chetu cha ngoma na michezo ya kuigiza, ambacho mimi ndiye mlezi wake.

Mzazi mmoja alikuja kuniona. Binti yake yuko Kidato cha Pili, na katika kikundi kizima hapana sauti inayoifikia sauti yake. Mzee huyo hakuja kwa hasira. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akaniomba kwa adabu nimtoe mwanawe katika kikundi. Kwa maoni yake mtoto wa kike akisimama mbele ya watu kuimba, watu hawatamheshimu tena, na kazi ya jukwaani ni ya watu wasio na kwao. Juu ya hayo, alinionyesha kwa kidole mwembe tunaofanyia mazoezi. Kikundi kisicho na hata ukumbi, alitaka kujua, kinamfundisha mtoto nini? Mimi nilijibu maneno mawili matatu nikaishiwa. Ni kweli kwamba hatuna ukumbi. Bwalo letu hujaa madawati kila msimu wa mitihani. (Nasema kwa siri: mzee huyu nimemwona kwa macho yangu akiisindikiza mdundiko mpaka mwisho wa kijiji. Lakini mgeni hajibiwi hivyo.) Usiku ule nikamkumbuka Bi. Siti, nikatafuta kitabu.

Bi. Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Wazee wake walitokana na watu wa bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, nao walikuwa katika hali ya utumwa. Biashara ya kuuza watumwa ilikuwa imepigwa marufuku Unguja mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katikati ya miaka hiyo miwili, wakati soko limefungwa na minyororo bado haijafunguliwa. Akapewa jina la Mtumwa. Msomaji asicheke jina hilo. Lilikuwa ni habari ya nyumba nzima, iliyotiwa katika jina la mtoto mmoja.

Utotoni hakupata kusoma. Alichojifunza kwa mama yake ni kufinyanga vyungu, na kina mama wa Uzaramo watakaosoma ukurasa huu hawana haja ya kuelezwa kazi hiyo ilivyo: kuchimba udongo, kuuponda na kuukanda, kuujenga kwa mkono, kuanika kivulini, kisha kuchoma na kuomba Mungu visipasuke. Alipokuwa msichana alivichukua vyungu vyake kichwani akaenda kuviuza, na katika kutembeza biashara aliimba ili watu wajue kwamba muuza vyungu amefika. Inasemekana kwamba sauti ilifika mbali, na waliomjua waliisikia kabla ya kumwona yeye. Basi hiyo ndiyo shule yake ya kuimba: njia ya shamba, mzigo kichwani, na pumzi iliyopaswa kutosha kutembea na kuimba pamoja. Mwalimu wa muziki hawezi kutoa zoezi gumu kuliko hilo.

Aliolewa, akaachwa, na mwaka 1911 akahamia mjini. Wakati ule mji ulikuwa pande mbili, umegawanywa na mkono wa bahari. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, kasri na maduka makubwa. Upande wa pili, ukivuka daraja, ni Ng'ambo, penye nyumba za udongo na makuti, wakaao mafundi, wapagazi, wavuvi, madobi, na watu waliotoka mashambani baada ya utumwa kwisha. Bi. Siti alikaa Ng'ambo.

Muziki wa taarabu ulikuwapo Unguja tangu zamani za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ambaye husimuliwa kwamba alimpeleka mtu Misri kujifunza kupiga ala. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Lakini taarabu ya siku hizo iliimbwa kwa Kiarabu, waimbaji wake walikuwa wanaume, na wasikilizaji wake walikuwa watu wenye nafasi. Mtu mmoja wa chama hicho, jina lake Ali Muhsin, alimsikia Bi. Siti, akaona kwamba sauti ile isipotee bure, akamfundisha. Ni hapo katika maisha yake mapya ndipo jina la Mtumwa lilipomwondoka akaitwa Siti, maana yake bibi mtukufu.

Sasa nafika mahali ninapotaka kukaa kidogo, maana habari za Bi. Siti husimuliwa mara nyingi kama habari za sauti moja tu, na hivyo sivyo. Bi. Siti alikuwa na kundi. Walikuwamo Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaaban, wapigaji na waimbaji, kila mmoja na ustadi wake. Waliitwa kwenye harusi za matajiri, waliitwa na Sultani Khalifa bin Haroub katika jumba lake, nao walikwenda. Lakini kazi yenyewe ilifanyika nyumbani kwa Bi. Siti, Ng'ambo, usiku.

Jioni watu walipokwisha kazi zao, walikusanyika pale. Wapigaji walikuja na ala zao kwa mazoezi, na majirani walikuja pia, wake kwa waume. Yaliyotokea mchana mjini yakaletwa: kesi iliyoamuliwa, mtu aliyedhulumiwa, mtu aliyejifanya mkubwa akaumbuka. Watu wakazungumza, wakabishana, wakacheka. Katika mazungumzo yale beti zikaanza kutoka. Mmoja akaleta neno, mwingine akalirekebisha, sauti ikatafutwa, hata wimbo ukakamilika. Wimbo ulioanza hivyo ndio uliokwenda kuimbwa baadaye mbele ya wakubwa.

Mimi naiita nyumba ile jumba la michezo, ijapokuwa haikuwa na pazia wala tiketi. Tazama ilivyokuwa. Mtazamaji alikuwa hapo tangu wimbo haujazaliwa, na huenda neno lake mwenyewe limo ndani yake. Je, mtu kama huyo angekosa kuja kesho? Sisi walezi wa vikundi vya shule huficha mazoezi yetu mpaka siku ya maonyesho, kisha hushangaa kwa nini wazazi hawaji. Nakiri kosa hilo ni langu.

Na mambo yaliyoimbwa hayakuwa madogo. Uko wimbo uitwao Kijiti, ambao wazee wa pwani bado wanaukumbuka. Mwanamke mmoja mgeni kutoka bara aliuawa Unguja na mtu wa jina hilo. Mwuaji akakimbia, akavuka bahari. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio walioadhibiwa, kwa sababu ya pombe iliyokuwako usiku ule. Hapana gazeti la Ng'ambo lililoweza kuuliza hukumu hiyo ilikuwa hukumu gani. Kundi la Bi. Siti liliuliza, kwa wimbo. Wimbo mwingine uliwasimulia wenye kalamu waliowaibia watu wasiojua kusoma, hata wakakamatwa wakafungwa kazi ngumu. Watu wasiojua kusoma waliupenda sana wimbo huo, na wala si ajabu.

Maadui hawakukosekana. Zilitungwa beti za kumtukana, kwamba ametoka shamba na kaniki mwilini, kwamba hana uzuri wala ukoo, na kwamba kama si sauti asingepata chakula. Ukitazama vizuri, hayo ni maneno yale yale aliyoniambia mzee wangu hapa Kibuta, ila mzee aliyasema kwa upole. Bi. Siti hakwenda kugombana na mtu mlangoni kwake. Alijibu kwa wimbo, akawafahamisha kwamba sura na nasaba hazimfai mtu aliyekosa akili. Wimbo huo umeishi kuliko matusi yenyewe.

Mwezi wa Machi mwaka 1928 Bi. Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia sauti zao katika santuri za kampuni ya Gramophone, zile zenye alama ya His Master's Voice na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Bi. Siti alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti katika santuri. Fikirini kazi ile. Upande mmoja wa santuri za zamani haukuchukua zaidi ya dakika tatu au nne hivi, na taarabu ni muziki wa kukesha. Wimbo uliozoea kujinyoosha usiku kucha, wasikilizaji wakidai urudiwe, ilibidi uingie katika nafasi ndogo kama samli katika kichupa.

Santuri zile zilinunuliwa Unguja na Pemba, Mombasa, Dar es Salaam na mwambao wote, zikaingia bara. Maelfu ziliuzwa, hata makampuni mengine yakaja kushindana, na baada ya miaka michache kundi lile lilikuwa limeimba nyimbo zaidi ya 200 katika santuri. Mtu asiyekuwa na gramafoni alikwenda mkahawani akanywa kahawa na kusikiliza. Makampuni yaliyokuwa yakidhani kwamba wanunuzi wa santuri katika nchi hizi ni wachache wenye kujua Kiarabu au Kihindi yalijifunza hesabu mpya. Mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizowagomesha. Nasema watu waliozoea kukutana usiku wakapima mambo ya mchana hawakuwa wageni wa kusema kwa pamoja.

Siku za mwisho wa maisha yake Bi. Siti alionana na Shaaban Robert, akamsimulia habari zake. Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Wasifu wake ukatoka mwaka 1958, na mpaka leo ni miongoni mwa vitabu vichache vya zamani vinavyosimulia maisha ya mwanamke wa Kiafrika tangu mwanzo hata mwisho. Chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, kilichoundwa mwaka 1987, kiliita gazeti lake Sauti ya Siti. Na Bi. Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe sana, aliziimba nyimbo za Bi. Siti katika nchi za Ulaya, mbele ya watu wasiojua Fumba iko wapi.

Narudi Kibuta. Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee jioni moja na kile kitabu kwapani. Sikumwomba kitu. Nilimsimulia habari hizi kama nilivyowasimulia ninyi, naye akasikiliza, na mkewe akasogeza kigoda karibu. Nilipofika kwenye vyungu mama huyo alicheka, akasema bibi yake mzaa mama naye alivitembeza vyungu mpaka Kisarawe mjini. Mzee aliniuliza jambo moja tu: kama Bi. Siti alipokuwa akiimba nyumbani kwake usiku, majirani walikuwako tangu mwanzo au waliitwa mwisho. Nikamwambia walikuwako tangu mwanzo. Akanyamaza, kisha akaniazima tochi ya kurudia nyumbani. Kitabu alibaki nacho.

Tangu wiki ile tumebadili desturi yetu. Mazoezi yako wazi kwa kila mtu, na baadhi ya wanakijiji wamekwisha anza kuja na vigoda vyao. Juzi fundi mmoja wa baiskeli alitusahihishia mchezo mzima unaohusu bei ya korosho, maana tulikuwa tumekosea habari za mizani. Ukumbi bado hatuna. Nafasi ya yule binti katika wimbo wa kwanza sijampa mwanafunzi mwingine, ingawa wapo wanaoiomba. Mazoezi ni kila Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, chini ya mwembe ule ule, na mvua ikinyesha tutahamia barazani mwa jiko.