Seyyid Barghash na Tufani ya Mwaka 1872

Wasomaji wetu wa Chumbageni na mitaa mingine ya Tanga wamelisikia jina la Seyyid Barghash bin Said tangu utoto wao, maana bendera yake nyekundu ilipepea katika mji huu muda wote wa enzi yake. Wengi humkumbuka kwa ajili ya Beit al-Ajaib, jumba lile alilolijenga Unguja mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Sisi twapenda kumtazama katika jambo jingine: jinsi alivyopatwa na tufani kuu, na jinsi nchi yake ilivyoinuka baada yake, na ni akina nani waliobeba mzigo wa kuinuka huko.

Alizaliwa yapata mwaka 1837, mwana wa Seyyid Said bin Sultan, na mamaye alikuwa Mhabeshi. Baba yake alipokufa baharini mwaka 1856, yeye alikuwamo katika safari ile. Enzi ya Unguja ikamwangukia Majid, nduguye, naye hakuridhika. Mwaka 1859 akaasi, akashindwa kwa kuwa Waingereza walimsaidia Majid, akapelekwa Bombay akakaa huko yapata miaka miwili. Miaka ile ile mji wa Bombay ulianza kuletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar, na mambo aliyoyafanya baadaye yaonyesha kwamba uhamishoni hakukaa amefumba macho.

Majid akafa Oktoba 1870, na Barghash akatawazwa. Nchi aliyoirithi ilikuwa imetoka tu katika kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua watu maelfu. Hata hawajamaliza kuwalilia wafu wao, ikaja tarehe 15 Aprili 1872.

Tufani za namna ile huzaliwa kusini ya Bahari ya Hindi, na ni nadra kufika karibu na ikweta. Pwani yetu imeona chache: ile iliyopiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024. Basi watu wa Unguja hawakuitazamia. Vyombo vilivyotia nanga bandarini vilitupwa pwani au vikazama, na merikebu za vita za Sultani zikapotea zote, hata ile Shah Allum. Nyumba zikaezuliwa mapaa. Huko Bagamoyo misioni ya mapadre wa Kikatoliki ikabomolewa. Lakini hasara iliyo kubwa kupita zote ilikuwa shambani. Mkarafuu ni mti ambao matawi yake huvunjika upesi. Na katika Unguja yasemwa theluthi mbili za mikarafuu zilianguka, wengine husema zaidi, pamoja na minazi isiyo na idadi. Nyumba iliyoezuliwa huezekwa kwa makuti katika siku chache, bali mkarafuu mchanga hauzai kabla ya miaka 6 au 7. Mwenye shamba aliyekuwa na deni kwa tajiri wa Kihindi, na wengi walikuwa nalo, alilipa kwa kitu gani miaka hiyo yote?

Nao waliomjia Sultani baada ya msiba huo hawakumjia na mchele. Januari 1873 akafika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka akomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa, akatoa hoja ya kwamba tufani imekwisha kuwafilisi watu wake, na kuwaondolea wafanya kazi wa mashamba ni kuwaangamiza kabisa. Twaipima hoja hiyo kwa uangalifu. Kwamba watu wake walifilisika ni kweli tupu. Hata hivyo dawa aliyoitetea ilikuwa kuuza watu wengine, nao wasio na shamba wala merikebu ya kupoteza. Mwisho akatishwa kufungiwa bandari zake kwa manowari, akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tena Waingereza wakajitwalia kulipa reale 40,000 kila mwaka kwa Sultani wa Maskati, deni lililowalemea wafalme wa Unguja tangu 1861. Hilo nalo lilikuwa msaada, ila halikupita mlangoni mwa maskini hata mmoja.

Sasa tufike kwetu. Tufani ile iliiacha Pemba karibu nzima. Kwa kuwa karafuu za Unguja zimeanguka, bei ikapanda, na kila mwenye ardhi Pemba akatamani kupanda mikarafuu. Kazi hiyo ilitaka mikono, na mikono ilitafutwa upande huu wa bahari. Huko Usambara watu walikuwa wakipigana tangu alipokufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862. Wabondei, Washambala na Wazigua walitekwa, wakashushwa pwani, wakavushwa usiku katika majahazi kutoka Pangani na bandari ndogo za Mrima. Wengine waliletwa kwa miguu kutoka Kilwa, maana mapatano yalikataza njia ya bahari, hayakutaja njia ya nchi kavu. Ndivyo tufani ambayo haikuvunja nyumba zetu ilivyowachukua watoto wa nyumba hizo.

Hapo ndipo twamwona Barghash wa pili. Mwaka 1876 alitoa amri mbili kukataza misafara ya watumwa ya bara na ya kando ya pwani. Wako waliomchukia kwa ajili hiyo, naye hakuzitangua. Kisha akanunua meli za moshi zilizokwenda Bombay na kurudi na mchele. Akaleta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu hata mjini, watu wakateka bila malipo. Kwa kuzirudisha merikebu zake akaagiza Uingereza chombo kizuri kiitwacho Glasgow, kilichoshushwa majini mwaka 1878. Kilipofika hakikumpendeza, kikakaa bandarini, kikazamishwa kwa mizinga ya Waingereza Agosti 1896.

Yeye mwenyewe alikufa Machi 1888. Mikarafuu ya Pemba iliyopandwa baada ya tufani ilikuwa imekwisha kuzaa, na karafuu za kisiwa kile zimezidi za Unguja tangu wakati huo. Katika Pemba wako hata leo watu ambao babu zao walivuka kutoka Bonde na Uzigua.