Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maisha ya Rowland Hill

Rowland Hill alizaliwa tarehe 3 Disemba 1795 mjini Kidderminster, Uingereza, katika familia ya walimu. Tangu ujanani alifundisha katika shule ya babake, na baadaye akaiendesha pamoja na ndugu zake kwa mbinu zilizowashangaza wengi: wanafunzi walijitungia kanuni na kuhukumiana katika mahakama yao wenyewe. Hakuwahi kuwa tarishi wala karani wa posta. Yamkini ndiyo sababu aliyaona yale ambayo wenyeji wa Idara ya Posta walikuwa wameyazoea hata wasiyaone tena.

Wakati huo barua ililipiwa na mpokeaji. Bei ilitegemea masafa na idadi ya karatasi, na bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi. Makarani walizimulika barua kwa mshumaa ili wajue kilichomo, kisha tarishi akasimama mlangoni kungojea pesa. Barua kutoka London hadi Edinburgh iligharimu zaidi ya shilingi moja, sehemu kubwa ya ujira wa kibarua kwa siku. Maskini waliikataa. Wabunge, kwa upande wao, walituma barua zao bila malipo.

Hill alizipekua ripoti za serikali, akapiga hesabu, akabaini kwamba kuisafirisha barua moja kati ya miji hiyo miwili hakukugharimu hata sehemu ya thelathini ya peni. Kilichokula fedha ni kule kupima, kuandika na kudai malipo. Mnamo 1837 alichapisha kijitabu akipendekeza bei ya peni moja kwa kila barua isiyozidi nusu aunsi, popote iendapo nchini, nayo ilipiwe kabla ya kutumwa. Wakuu wa Posta waliliona wazo hilo kuwa ndoto ya mchana. Hata hivyo, shinikizo la wafanyabiashara na umma lilizidi, Bunge likaridhia mwaka wa 1839, na tarehe 10 Januari 1840 bei ya peni ikaanza. Mwezi Mei ikafuata stempu nyeusi yenye sura ya Malkia Victoria.

Idadi ya barua ilipanda kutoka takriban milioni 76 mwaka wa 1839 hadi milioni 169 mwaka uliofuata. Lakini mapato halisi yaliporomoka kutoka zaidi ya pauni milioni 1.6 hadi karibu nusu milioni. Hofu ya wakuu wale, basi, haikuwa ya bure kabisa.

Isitoshe, Hill alikuwa ameajiriwa Hazina, wala si Posta. Utekelezaji ulibaki mikononi mwa Kanali William Maberly, Katibu wa Posta, aliyeupinga mpango huo tangu mwanzo. Mwaka wa 1842 serikali ya Robert Peel ilimwondoa Hill. Stempu ikabaki, mwenye wazo akaenda zake. Umma ulimchangia zaidi ya pauni 13,000 kama shukrani, na mwaka wa 1846 akarejeshwa, safari hii ndani ya Posta yenyewe, akiwa katibu wa Mkuu wa Posta ilhali Maberly angali Katibu wa idara. Fahali wawili wakakaa zizi moja kwa miaka minane, hadi Maberly alipohamishwa mwaka wa 1854 na Hill akakikalia kiti chake.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nduguye Frederic na mwanawe Pearson walipata nafasi katika idara hiyo, na manung'uniko yakazuka. Miongoni mwa watumishi wake alikuwamo Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya, ambaye ndiye aliyependekeza masanduku ya barua ya barabarani yaliyowekwa kisiwani Jersey mwaka wa 1852. Naye alikuwa mtu wa mawazo mapya. Lakini wawili hao hawakupatana. Hill alipenda hesabu na utiifu, na hakustahimili kukosolewa na walio chini yake. Katika tawasifu yake iliyotoka mwaka wa 1883, Trollope hakuuficha uhasama huo, ingawa ukuu wa kazi ya Hill aliukiri.

Hill alistaafu mwaka wa 1864, afya ikiwa imedhoofika. Alifariki tarehe 27 Agosti 1879, akazikwa Westminster Abbey. Kiti chake Posta kilikuwa kimerithiwa na John Tilley, shemeji yake Trollope.