Kanoni Apolo Kivebulaya: Askari Aliyekuwa Mjenzi wa Makanisa



Katika kijitabu hiki cha yubile tulitaka pia tusome maisha ya mtumishi mmoja wa zamani. Tulimchagua Kanoni Apolo Kivebulaya kwa sababu tunawajua wenzetu. Katika kwaya yetu wamo waliovaa sare ya jeshi na kustaafu. Wamo pia wanaotoka mjengo Jumamosi jioni na kufika mazoezini mikono ikiwa bado na saruji. Apolo aliyajua maisha ya aina zote mbili. Alishika bunduki, kisha akashika jembe, miti na matete, na kwa mikono hiyo hiyo akajenga kanisa.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka wa 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Nduguye pacha alikuwa Kato. Alikua wakati ambao Buganda ilikuwa ikivutwa huku na huku. Dini ya mababu ilikuwapo, Waislamu walikuwapo, na wamishonari wa Kianglikana na wa Kikatoliki walikuwa wamefika. Katika ujana wake aliifuata kwanza dini ya Kiislamu. Baadaye alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmishonari Mskoti ambaye kwa kazi alikuwa mhandisi na hakuona haya kufanya kazi ya mikono. Mafundisho hayo yalimkaa moyoni, ingawa hayakuzaa matunda mara moja.

Mwaka wa 1888 vita vya dini vililipuka Buganda. Kabaka Mwanga alipinduliwa, na makundi ya dini yakapigania ufalme. Apolo aliingia katika vita hivyo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka wa 1891 alikuwa miongoni mwa waliokwenda magharibi na jeshi la Kapteni Lugard, mpaka nchi ya Toro chini ya milima ya Rwenzori. Kwa hiyo njia ya Toro aliijua kwanza kama askari. Aliporudi huko, hakuwa na bunduki.

Mwaka wa 1895 alibatizwa na kuchagua jina la Apolo, yule mhubiri hodari tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake. Mwaka huo huo alijitolea kwenda Toro kuwa mwalimu wa Injili. Mwishoni mwa 1896 akaombwa aende mbali zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, mahali panapoitwa Mboga, kwenye ukingo wa msitu mkubwa wa Kongo.

Mboga haikuwa na sifa nzuri kwa walimu. Wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka. Chifu wa huko, Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yaliyokataza ulevi na wake wengi, na watu wakazuiwa kuwapa walimu chakula. Apolo hakubishana. Alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Aliwafundisha kusoma wachache waliothubutu kumjia, na pamoja nao akaanza kujenga kanisa la miti, matete na nyasi.

Hapo ndipo msiba ulipotokea. Wakati wa kazi hiyo ya ujenzi, dada yake Chifu Tabaro alianguka juu ya mkuki akafa. Ilikuwa ajali, kama ajali zinavyotokea hata leo mahali pa ujenzi. Lakini Tabaro alikuwa amefiwa, na chuki ilikuwapo tangu zamani. Apolo alishtakiwa kuwa ameua. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa safari ya siku kadhaa mpaka kituo cha serikali huko Toro, ambako leo kuna mji wa Fort Portal. Akawekwa gerezani kwa kosa la mauaji.

Tufikirie hali yake. Kanisa lake halijasimama, wanafunzi wake wachache wamebaki peke yao, na shtaka lenyewe ni la kifo. Tena alikuwa mtu aliyeua au kuona wengi wakiuawa vitani, na sasa anashtakiwa kwa damu ambayo hakuimwaga. Apolo alishuhudia maisha yake yote kwamba usiku mmoja gerezani alimwona Bwana Yesu akimng'aria kama jua, akimwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Tangu usiku ule, wanasema waliomjua, woga ulimtoka.

Hatimaye ilionekana kwamba hana hatia, akaachiliwa. Angeweza kubaki Toro salama, au kurudi kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alivuka Semliki tena, akarudi kwa mtu yule yule aliyemfunga. Tabaro alishangaa kumwona. Alitazama kwa muda mtu huyu asiyelipiza kisasi, kisha akaomba kufundishwa. Chifu aliyewanyima walimu chakula akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900, na mwaka wa 1903 akawekewa mikono kuwa kasisi. Kwa miaka mingi alitumika katika makanisa ya Toro. Wakati huo serikali za kikoloni zilipanga upya mpaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kundi lake la kwanza likawa katika nchi nyingine. Katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia alirudi kwao, na Mboga pakawa nyumbani kwake mpaka kufa.

Akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, umri ambao wengi wetu huanza kutafuta kiti cha nyuma, Apolo aliingia msituni. Mwaka wa 1921 alianza kazi kati ya Wambuti, watu wafupi wa msituni ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alikaa nao, akawafundisha, akawabatiza. Injili ya Marko ilitafsiriwa katika lugha yao kwa juhudi yake. Mwaka wa 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini cheo hicho hakikumrudisha mjini.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza jambo lililowashangaza watu. Kinyume na desturi, alitaka azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijakwisha. Wakafanya hivyo.

Leo Waanglikana wa nchi nyingi wanamkumbuka kila tarehe 30 Mei. Kutokana na kazi ya Mboga lilizaliwa Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo tangu 1992 lina askofu mkuu wake. Lile kanisa la kwanza la nyasi halipo tena. Nyasi huoza, na matete huliwa na mchwa. Watu waliojengwa ndani yake ndio waliodumu.

Sisi wanakwaya tuna la kujiuliza. Katika miaka yetu ya kuimba pamoja tumekosana mara nyingi: kwa sauti, kwa sare, kwa nani asimame mbele, kwa hesabu za michango. Wako walioondoka wakiwa na uchungu, na viti vyao mpaka leo tunaviona vitupu. Apolo alivuka mto kumrudia aliyemfunga. Sisi tumetenganishwa na wenzetu kwa barabara ya dakika kumi tu. Tunawaomba tuifanye hiyo iwe kazi ya kwanza ya yubile hii, kabla ya keki kukatwa na kabla ya kupima sare mpya: kila mmoja wetu amwendee mmoja aliyeondoka, abishe hodi, na amwambie kwamba wimbo haujakamilika bila sauti yake.

Mungu awabariki nyote. Yubile njema!