Tippu Tip: Sifa Zake na Matendo Yake

Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanya biashara aliyekaa sana Tabora. Hamed alianza kazi angali mtoto. Alipopata miaka 12 alikwenda safari fupi za kuuza sandarusi. Baadaye alimfuata baba yake mpaka Tabora na Ujiji. Huko alijifunza kuongoza wapagazi, kukopa mali pwani na kutafuta pembe za tembo bara.

Watu wa bara walimpa jina jingine: Tippu Tip. Wengine walisema ni kwa sababu macho yake yalipepesa-pepesa. Yeye mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mfalme mwenye nguvu wa Itabwa, karibu na ziwa Tanganyika. Watu wa Nsama walikuwa wengi, lakini silaha zao zilikuwa mishale. Tippu Tip alishinda, akachukua pembe nyingi sana. Tangu siku hiyo jina lake lilimtangulia njiani. Watu walilisikia wakakimbia kabla hawajamwona.

Lakini alijua silaha nyingine iliyopita bunduki. Miaka michache baadaye alifika Utetela, kwa mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kupata habari kwamba zamani Waluba waliwateka dada wawili wa mzee huyo, wala hawakurudi tena. Basi Tippu Tip alisema kwamba yeye ametoka katika uzazi wa mmoja wao. Mzee alifurahi kama mtu aliyerudishiwa ndugu aliyepotea, akampa utawala wa nchi yake. Hivyo mgeni aliketi katika kiti cha mfalme kwa maneno matupu. Mambo hayo aliyasimulia mwenyewe bila haya katika kitabu cha maisha yake, alichokitunga kwa Kiswahili.

Kisha alikaa Kasongo, katika Maniema. Watu wake walilima mpunga na kupanda miti ya matunda, na lugha ya Kiswahili ilienea. Wageni waliofika walimsifu. Alikuwa amemsaidia Livingstone mwaka 1867. Alimsaidia Cameron mwaka 1874. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alimwona mtu mrefu mwenye ndevu nyeusi, kanzu nyeupe safi, kofia mpya, na jambia lililopambwa kwa fedha. Maneno yake yalikuwa ya upole, na adabu yake ilikuwa kubwa. Stanley alimwandika kuwa mtu bora kuliko wafanya biashara wote aliowaona katika safari yake.

Mwaka ule ule wa 1876 walisafiri pamoja. Patano lilikuwa vituo 60 kwa reale 5000. Mwezi wa Novemba waliondoka Nyangwe, wakaingia katika msitu wa Warega. Njia ilikuwa matope na giza, wapagazi walikufa kwa ndui, na Tippu Tip alirudi kabla ya kutimiza safari.

Katika misitu hiyo watu hawakuiona kanzu nyeupe. Waliona bunduki. Watu wa misafara walizunguka vijiji alfajiri, wakashika wanawake na watoto. Ndugu zao walipaswa kuleta pembe ili kuwakomboa. Wasiokombolewa walifungwa minyororo, wakabebeshwa mizigo. Wazee wa Maniema waliwaita wateka watu hao Batambatamba. Kwa Warega pembe ya tembo haikuwa mali ya kuuza tu. Katika Bwami, sanamu ndogo za pembe zilishikwa na wazee wa daraja ya juu, waliojulikana kwa mwenendo mwema. Pembe ile ile iliyokuwa alama ya utu ilikuwa sasa bei ya mtoto.

Mwaka 1887 jambo la ajabu lilitokea. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa akijitangaza katika Ulaya kuwa adui wa utumwa. Lakini alimtaka Tippu Tip awe liwali wake katika Stanley Falls, mji unaoitwa leo Kisangani. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kila mwezi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa. Mfalme alipata amani kwa muda. Tippu Tip alipata cheo. Waliokuwa katika minyororo hawakupata kitu. Baadaye serikali ya mfalme huyo nayo iliwalazimisha watu kutafuta mpira msituni kwa mijeledi na bunduki.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Mwaka 1892 vita vilianza kati ya serikali na Waarabu. Mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo vilitekwa, na mwanawe Sefu aliuawa. Baba alikuwa Unguja, tajiri wa mashamba na watumwa. Alikufa huko kwa malaria tarehe 14 Juni 1905. Nyumba yake ingali imesimama katika Mji Mkongwe.

Je, Tippu Tip alikuwa nani? Wageni waliokula mezani pake walisema kweli: alikuwa mkarimu na mwenye akili. Wale waliochomewa vijiji walisema kweli pia. Lakini wageni waliandika vitabu, na wale wengine hawakuandika. Kwa hiyo anayetaka kumjua mkubwa asiwaulize wageni wake peke yao. Awaulize na wale waliobeba mizigo yake.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MAULIZO
1. Jina Tippu Tip lina maana gani?
2. Tippu Tip alipataje utawala wa Utetela?
3. Pembe ilikuwa na kazi gani kwa wazee wa Bwami? Wafanya biashara waliitakia nini?
4. Kwa nini ilikuwa ajabu kwa Leopold kumfanya Tippu Tip liwali?
5. Eleza methali ya mwisho kwa maneno yako mwenyewe.