Morio Kasai, mpasuaji wa Sendai aliyeitafutia nyongo njia

Macho ya mtoto hubaki ya manjano wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, mkojo wake huwa kama chai ya rangi, na choo chake hupauka kama chokaa. Ananyonya, pengine hata ananenepa kwa muda, lakini nyongo inayotengenezwa na ini lake haina pa kupitia. Hujikusanya humo na kuliharibu ini hadi likajaa makovu. Hadi katikati ya karne ya 20, wengi wa watoto hao walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Madaktari waliwapasua tumbo, wakakosa mrija wa kuunganisha, wakalifunga tena.

Aliyeibadili hali hiyo alikuwa Mjapani Morio Kasai. Alizaliwa mwaka 1922 katika mkoa wa Aomori, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, na kuhitimu masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, mwaka 1947, wakati Japani ingali inajiinua kutoka katika magofu ya vita. Katika chuo hicho hicho alijifunza upasuaji, na huko ndiko alikofanya sehemu kubwa ya kazi yake.

Mwaka 1955 Kasai alimpasua mtoto mwenye umri wa siku 72. Kama ilivyokuwa kwa wengi kabla yake, nje ya ini hapakuonekana mrija wowote uliofaa. Alipochimba zaidi katika lango la ini, mahali inapopita mishipa mikubwa ya damu, damu ilianza kutoka kwa wingi. Ili kuizuia, aliivuta sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba na kuiegemeza juu ya kidonda. Kilichofuata hakikutarajiwa: nyongo ilijipatia njia ya kuingia katika utumbo.

Daktari mwingine angeweza kuliita tukio hilo bahati na kuliacha hapo. Kasai alitaka kujua sababu. Vipande vya kovu lililokatwa vilipotazamwa kwa darubini, vilionekana kuwa na mirija midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo bado ilikuwa imeungana na ini. Kwa hiyo njia ya nyongo haikuwa imetoweka yote. Ilikuwa imefichwa ndani ya kovu. Ikiwa kovu hilo litakatwa kwa kina kinachofaa, na kipande cha utumbo kikashonewa hapo, nyongo huweza kuchuruzika yenyewe. Pamoja na mwenzake Sozo Suzuki, alichapisha maelezo ya upasuaji huo kwa Kijapani mwaka 1959.

Nje ya Japani, habari hizo zilipokelewa kwa mashaka. Makala yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1968 tu, na hata hapo wapo walioona jambo hilo haliwezekani. Wengine walishauri mtoto asipasuliwe hadi afikishe miezi minne, kwa kuwa manjano ya watoto wengine huisha yenyewe. Ushauri huo ulikuwa na gharama kubwa, kwani kila wiki inayopita makovu huongezeka na mirija ile midogo hufa. Leo wapasuaji hujitahidi kumhudumia mtoto kabla hajatimiza siku 60.

Upasuaji wa Kasai hauliponyi ini kabisa. Watoto wengi waliofanyiwa huhitaji kupandikizwa ini jingine baadaye, wengine wakiwa wadogo, wengine wakiwa watu wazima. Lakini mtoto aliyepata miaka ya kukua huufikia upandikizaji akiwa na nguvu, na wapo wanaozeeka na ini lao wenyewe.

Kasai aliupenda mlima kama alivyoipenda kazi yake. Mwaka 1986, mwaka aliostaafu chuoni, aliongoza msafara wa Chuo Kikuu cha Tohoku huko Tibet, na wapandaji wake wakawa wa kwanza kufika kileleni mwa Nyenchen Tanglha, wenye urefu wa mita 7,162.

Katika miaka yake ya mwisho, upasuaji wa matundu madogo, unaotumia kamera na vyombo vyembamba badala ya mkato mrefu, uliingia hata kwa watoto wachanga. Kwa uvimbe wa mrija mkuu wa nyongo, ugonjwa unaoonekana zaidi Asia ya Mashariki, njia hiyo ilienea na kufanikiwa. Mwaka 2002 wapasuaji wa Brazil walieleza jinsi walivyoitumia kwa upasuaji wa Kasai wenyewe. Hapo mambo yakawa magumu. Baadhi ya hospitali ziliona kwamba watoto wachache zaidi walibaki na ini lao, zikarudia mkato wa kawaida. Nyingine, hasa Asia, ziliendelea kuiboresha. Kovu dogo tumboni ni jambo jema, lakini katika ugonjwa huu linalopimwa kwanza ni kama nyongo inatiririka.

Kasai alifariki Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 86. Tangu mwaka 2012, kitabu cha kliniki anachopewa kila mama mjamzito nchini Japani kina ukurasa wenye rangi za choo, kuanzia nyeupe hadi kijani, ili mama alinganishe na kile anachokiona katika nepi ya mwanawe.