Leakey: Mchimbuzi wa Elmenteita aliyeokolewa na vipimo vya mnururisho

MWAKA wa 1935 sifa ya Louis Leakey ilikuwa hatarini. Mwanajiolojia Percy Boswell aliandika katika jarida la Nature kwamba Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa alipopata mifupa ya kale huko Kanam na Kanjera, Nyanza. Alama za chuma zilikuwa zimetoweka, na bila mahali, umri wa mifupa haukuweza kuthibitishwa.

Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903. Wazazi wake walikuwa wamishonari Waingereza, naye alikua akizungumza Kikuyu kama mwenyeji. Baada ya masomo ya Cambridge, alirejea mwaka wa 1926 kuchimba Elmenteita, karibu na Nakuru. Enzi hizo umri wa zana za mawe ulikisiwa kwa kutazama tabaka za udongo na kingo za maziwa ya kale.

Mwaka wa 1938, yeye na mkewe Mary walichimba pango la Mto Njoro, wakakuta mifupa iliyochomwa, bakuli za mawe na shanga. Njia ya kujua umri wa mabaki kama hayo ilipatikana Chicago, kwa mwanakemia Willard Libby. Kiumbe akifa, kaboni yake yenye mnururisho hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi.

Tatizo lilikuwa kwamba miale ya kaboni hiyo ni hafifu mno, na ile itokayo angani huifunika. Libby alichagua kihesabio ambacho sampuli ilipakwa ndani yake, akakizungushia vihesabio vingine vya kuitenga miale ya angani, kisha akavikinga vyote kwa chuma kizito. Kabla ya kuamini majibu, alikijaribu kwa mbao za makaburi ya Misri ambazo umri wake ulijulikana. Baadaye makaa ya Njoro yalipimwa, yakaonyesha takriban miaka 3,000.

Julai 1959, Mary aliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanganyika. Louis alikisia miaka 600,000. Kaboni haifiki mbali hivyo. Mwaka wa 1961, wataalamu wa California, Jack Evernden na Garniss Curtis, walipima gesi ya agoni inayotokana na potasiamu yenye mnururisho katika majivu ya volkano. Jibu likawa miaka 1,750,000, karibu mara tatu ya kisio lake. Wengi walishuku, hadi mwaka wa 1965 njia tofauti ilipotoa jibu la karibu na hilo.

Kanuni hiyo ya kukipima kifaa kabla ya kukiamini ndiyo pia humlinda mgonjwa wa saratani hospitalini, kwani mashine isiyosawazishwa yaweza kumpa miale kupita kiasi au pungufu.

Leakey alifariki London mnamo Oktoba 1, 1972, akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake.