Hugh O'Neill: mtu wa vyeo viwili aliyepoteza udongo

Katika historia ya Ireland, jina la Hugh O'Neill halisahauliki. Tunaeleza maisha yake hapa juu yanaonyesha namna cheo cha mtu mmoja kinaweza kubeba udongo wa watu wote.

Ukoo wa O'Neill ulikuwa na nguvu huko Ulster, kaskazini ya inchi hiyo. Wakubwa wa ukoo walichagua kiongozi, wakamsimika pale Tullyhogue kwenye kiti cha jiwe, na tangu siku hiyo akaitwa O'Neill tu. Haikuwa lazima mtoto amrithi baba.

Mwaka 1542 mambo yaligeuka. Conn O'Neill, babu ya Hugh, aliacha jina hilo mbele ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Mfalme akamupa cheo cha Earl wa Tyrone, ni kusema bwana wa jimbo, cheo ambacho baba anamwachia mtoto. Kwa sheria ya Waingereza, udongo nao ukawa wa Earl, chini ya mfalme.

Hapo fujo ikaingia nyumbani. Conn alimuweka Matthew kuwa mrithi, mwana wake mwingine Shane akakataa. Mwaka 1558 watu wa Shane walimuua Matthew. Hugh, mtoto wa Matthew, alikuwa bado mdogo, akakomea katika familia ya Kiingereza humo humo Ireland.

Waingereza walizania huyu atakuwa mtu wao. Mwaka 1587 malkia Elizabeth alimthibitisha kuwa Earl. Lakini mwaka 1595 Hugh akasimikwa Tullyhogue pia, na serikali ya malkia ikamtangaza msaliti. Tarehe 14 mwezi wa nane 1598, kwenye mapigano ya Yellow Ford, alivunja jeshi la Waingereza. Mkubwa wa jeshi hilo, Henry Bagenal, shemeji yake mwenyewe, alikufa pale.

Kiisha bahati ikageuka. Mwaka 1601 Hugh na Wahispania waliokuja kumsaidia walishindwa Kinsale. Mwaka 1602 Waingereza walichoma mashamba, njaa ikaua raia wengi, na kile kiti cha jiwe kikavunjwa. Mwezi wa tatu 1603 Hugh alijisalimisha. Malkia alikuwa amekufa siku chache mbele, lakini yeye hakuambiwa. Alibakia Earl, akaacha jina la O'Neill.

Hakukaa kwa amani. Mwezi wa tisa 1607 alipanda mashua Rathmullan pamoja na familia na wakubwa wengine. Alikufa Roma mwaka 1616, hakurudia tena kwao.

Waliobaki ndio walilipa. Kama udongo ulihesabiwa kuwa wa Earl, mfalme aliuchukua ulipoanguka ule ukubwa wake, akagawia Waingereza na Waskoti. Walimaji waliokuwa wanalima pale tangu mababu wengi wao wakajikuta wapangaji, ao wakafukuzwa, na hakuna aliyewauliza wakati Conn alipokea kile cheo.